Mashine Ilizimwa, Masikio Yakaendelea Kuwaka

Nyie mnaokoboa mpunga siku hizi mnabonyeza kitufe, mota inaanza, mnaendelea na maongezi yenu. Sisi siku ilianza kwa kupigana na hendeli. Mimi ni mwanamke mfupi, na injini ya dizeli ya pale Kawajense, mjini Mpanda, ilikuwa na gurudumu lililonifika kifuani. Nilizungusha, nikapumzika, nikazungusha tena. Ikikataa kabisa namwita mume wangu Kaspari, naye akija inawaka mara ya kwanza, halafu ananiangalia kama mtu aliyejenga reli peke yake. Hakuwahi kukubali kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeshailainisha.

Kazi hiyo niliifanya mpaka magoti yaliponiambia basi. Sasa mashine iko chini ya binti yangu, Koleta. Juzi nilipita kumsalimia nikawakuta wafanyakazi wake wapya wawili wamefunga vitambaa puani kwa ajili ya vumbi la pumba, na hapo nikawasifu kimoyomoyo. Lakini masikio yao yalikuwa wazi kabisa, na mashine inanguruma futi tatu kutoka kichwani. Nikaanza kuwaeleza kilichonipata, wateja wakaingia, maneno yakakatika. Ndiyo maana naandika, ili wasikie wao na wengine mlioko kwenye mashine za Mpanda na vijijini.

Kwanza niwaambie nani alinifundisha. Aliitwa Mzee Bukuru, fundi mitambo, mtu wa asili ya Burundi aliyeishi kwanza kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo na baadaye akahamia mjini. Alikuwa mrefu, mkimya, na alipenda chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha mashine kabisa. Alinipa punje tano za mpunga, akaniambia nizitafune moja moja nimwambie tofauti. Nikaona ananichezea. Kumbe mbili zilikuwa mbichi, zinabonyea kwenye jino. Mbili zilikuwa kavu sawasawa, zinakatika mara moja. Ya tano ilikuwa imechomwa na jua mpaka inavunjika vipande. Mpunga wa aina hiyo ya mwisho ukiutia mashineni ukiwa bado na joto la turubai, unapata chenga tupu. Uacheni kivulini upoe kwanza, hata mteja akinuna.

Hilo nililijua kwa aibu. Msimu wangu wa kwanza Mzee Bukuru alisafiri, akaja baba mmoja wa Mpimbwe na magunia ya mpunga wa harusi ya mwanaye. Umeanuliwa muda huohuo, una joto kama mkate. Nikautia. Halafu nikaona ganda halitoki vizuri, nikakaza skrubu. Ulitoka mchele mdogo kama unga wa uji. Yule baba aliutazama, akanitazama, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu waliokuwa wanampinga bwana harusi. Nilialikwa kwenye ile harusi nikaenda kwa kujificha nyuma ya Kaspari. Wali ulitoka laini sana, wazee wasio na meno wakausifu wakaomba tena, na mpaka leo kuna bibi mmoja anayeniuliza ule mchele niliukoboaje.

Mzee Bukuru aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha kusikiliza. Alisema mashine inaongea yenyewe, kazi yako ni kujua imesema nini. Mkanda uliolegea unapiga miluzi. Chekeche lililotoboka linatoa sauti ya mchanga kwenye bati. Beringi inayotaka kufa inaanza kusaga taratibu, siku mbili au tatu kabla. Nilijifunza yote hayo, na kwa miaka mingi nilikuwa najua hali ya mashine nikiwa bado niko nje naosha mikono. Nilijivunia sana masikio yangu. Na kwa sababu nilijivunia, sikuwahi kuyaziba hata siku moja.

Basi Jumamosi moja ya msimu wa mavuno tulikoboa tangu asubuhi. Jioni Kaspari akazima, tukafunga mlango, tukatembea kwenda nyumbani. Tumefika, tumekaa, nikamwambia arudi akaizime mashine vizuri, kwa sababu bado naisikia kwa mbali. Akaniambia ameizima. Nikasisitiza. Mume wangu ni mtu mwema, alirudi, akaikuta imepoa. Alipokuja nikamwambia basi ni ya jirani. Akasema jirani hana mashine.

Ulikuwa ni mlio mwembamba, kama waya unaopigwa na upepo, masikio yote mawili, zaidi la kushoto. Nilidhani utaondoka Jumapili. Haukuondoka. Mwezi ukapita.

Hapa kuna jambo nataka mlisikie vizuri. Nilifanya ujinga mwingi. Shangazi yangu alinikamulia majani sikioni, nikakaa siku tatu na maumivu mapya juu ya mlio wa zamani. Jirani akaniletea mafuta aliyochemsha na kitunguu. Kila mtu alikuwa na kitu cha kumwagia humo, kana kwamba sikio langu ni bustani. Mlio haukujali hata kimoja. Mimi ndiye niliyebadilika. Nikawa mkali. Nilikuwa silali vizuri, na nisipolala mimi siyo mtu mzuri wa kukaa naye. Kaspari akijikuna, nasema anapiga kelele.

Ndipo nikaenda hospitali, na nikampata daktari mmoja binti, mpole lakini hana maneno ya kuzunguka. Alinisafisha masikio, akayapima, akaniuliza kazi. Nilipomtajia mashine ya kukoboa akatikisa kichwa. Aliniambia mishipa ya kusikia imechoshwa na kelele za miaka.

"Mama, dawa ya kuuondoa huu mlio kabisa mimi sina," akasema. "Ningekuwa nayo ningekupa leo. Ninayo ya kukutuliza upate usingizi, na ina gharama zake mwilini. Tutaanza kidogo tuone."

Alinitajia gharama zenyewe: kinywa kukauka, kusinzia, kizunguzungu ukisimama ghafla. Akaniambia pia nizibe masikio kazini. Mimi nilisikia neno usingizi tu. Mengine yote yalipita pembeni.

Na kwa kweli usingizi ulikuja. Wiki ya pili nilikuwa nalala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Mlio ulikuwepo, lakini ulikuwa umeenda chumba cha pili. Nilimwomba Kaspari msamaha kwa mambo kadhaa, akayahesabu na mengine niliyokuwa nimeyasahau. Kwa hiyo msije mkasema bibi huyu anasema vibaya dawa za hospitali. Ile dawa ilinirudisha kwenye meza ya familia yangu. Hilo siwezi kulikana.

Lakini kilo nilizoongeza zilionekana kwenye gauni. Ulimi ulikuwa msasa, na kwenye kwaya ya kanisani nikawa natingisha midomo tu, sauti yangu ya pili haitoki. Nilisahau majina. Mama mmoja wa Kabungu, mteja wangu wa miaka yote, nilimwita jina la wifi yake ambaye hawasalimiani. Mpwa wangu aliolewa, ngoma zikapigwa, mimi nimekaa kwenye kiti naangalia watu wakicheza kama mtu anayeangalia mvua dirishani. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na chochote. Kaspari ndiye aliyeona. Aliniambia tulipokuwa tunarudi kwamba wakati ule wa ugomvi alikuwa na mke mkali, na sasa hajui ana nani.

Halafu ikaja ile asubuhi ya kitenge. Kwenye mashine huingii na nguo inayoning'inia, hilo ni la kwanza kabisa alilonifundisha Mzee Bukuru. Unavaa ovaroli, unafunga nywele, unavua hereni. Kwa miaka yangu yote sikuwahi kukosea. Siku hiyo niliingia na kitenge kiunoni, na sikujua kwamba sijavaa ovaroli. Niliinama kuangalia mkanda, mkanda ukakishika. Nilihisi nimevutwa mara moja, kwa nguvu, kama mtu amenishika kiunoni kwa hasira. Bahati yangu nilikuwa nimekifunga ovyo, kikachomoka chote kikaenda kujizungusha kwenye gurudumu. Kaspari akakata mafuta. Injini ikazima, na mimi nimesimama katikati ya wateja nikiwa na shimizi tu.

Yule mama wa Kabungu, yuleyule niliyemwita jina la wifi yake, alinyakua gunia tupu akanifunika. Watu hawakucheka. Kicheko cha siku hiyo kilikuja miezi baadaye, na kikija hata leo hakiishi. Lakini wakati ule Kaspari alikuwa amekaa juu ya magunia, ameshika kitenge changu kilichochanika. Nilimtazama nikajua kwamba nisingeweza kuendelea hivi.

Sasa sikilizeni kosa langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko mchele wa harusi. Niliacha dawa siku hiyohiyo. Nilivitupa vidonge chooni, nikajiona shujaa. Siku mbili nilikuwa sawa. Ya tatu jasho, ya nne mikono inatetemeka, kichefuchefu, moyo unakimbia. Usingizi ukakatika kabisa, na mlio ukarudi umeleta na ndugu zake. Nililia jikoni mbele ya sufuria ya maharage. Koleta alikuwa amekuja kututembelea, akanikuta, hakuuliza mengi. Alinivalisha viatu akanipeleka kwa yule daktari.

Daktari hakunigombeza, ila alinieleza polepole kama anayeongea na mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Alisema dawa ya aina ile mwili unaizoea, haiachwi kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai. Inapunguzwa hatua kwa hatua, na yeye akiwa anaangalia. Akaniandikia tena kwa kiasi kidogo, nitulie kwanza. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, tuache vidonge kidogo," akasema. "Kitu gani umekikosa zaidi tangu uanze kuvitumia?"

Nilifikiri nitasema usingizi, au kwaya. Nikajikuta nasema, "Nimekosa kuisikia mashine yangu."

Akashangaa. Akaniambia ndiyo hiyohiyo iliyoniumiza. Nikamwambia najua, lakini ndiyo niliyolelea watoto wangu, na mtu aliyesinzia hawezi kuisimamia. Akaniuliza, mlio ukirudi kwa nguvu nitaweza kukaa nao? Nikamjibu kwa ukweli kwamba sijui. Akasema hilo ni jibu zuri, nikalifikirie, nizungumze na nyumbani, nirudi. Hapakuwa na haraka. Alisema wako watu wanaobaki na dawa na wanaishi vizuri, wako wanaoipunguza, na hakuna kati yao aliyekosea.

Nikaenda kwa Mzee Bukuru. Alikuwa mzee sasa, amestaafu, anakaa nje ya nyumba yake na redio ndogo ambayo haijashika stesheni vizuri, inakoroma tu. Nilimsimulia yote. Alinisikiliza, akamimina chai, akaniuliza mlio wenyewe ukoje. Nikasema kama waya.

"Wangu ni panzi," akasema. "Tangu siku zangu kule Mishamo, nikiwa na mashine ya kupasua mbao."

Nilimtazama mtu huyu. Miaka yote ile tumekula pamoja, tumetengeneza mashine pamoja, hakuwahi kutamka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mwana wanje," akasema, hivyo ndivyo alivyoniita kwa Kirundi, mwanangu, "mimi nilidhani kila mtu ana panzi."

Tulicheka mpaka mke wake akatoka kuangalia kuna nini. Halafu akaniomba radhi. Alisema angejua, angeniambia nizibe masikio tangu siku ya punje tano. Hakujua. Enzi zake fundi aliyeziba masikio alionekana mwoga. Nikamwambia hana deni kwangu.

Akaniambia namna anavyoishi na panzi wake. Hakai kwenye ukimya mtupu. Ndiyo maana ile redio inakoroma, ndiyo maana anafuga kuku wengi kuliko anavyoweza kula, ndiyo maana anapenda mvua. Sauti ndogo ndogo zinamchukua panzi zinamchanganya na wenzake. Haendi kumtafuta kila asubuhi kuona kama bado yupo. Nikamuuliza, kwa hiyo niache dawa kama yeye? Akakataa. Akasema dada yake anatumia vidonge vya namna hiyo kwa sababu nyingine, vimemtoa kitandani, na yeye mwenyewe humkumbusha kumeza. "Usinifuate mimi," akasema, "wala usimfuate dada yangu. Rudi kwa yule binti daktari."

Na kabla sijaondoka alinifundisha somo la mwisho, ambalo ndilo ninalotaka mlibebe. Alinipeleka kwenye pampu ya maji ya jirani yake, akaniziba masikio kwa viganja vyake vikubwa, akaniamuru niweke mkono juu ya pampu. Nikasikia. Nasema nikasikia, ingawa sikio halikuhusika. Mashine nzima inatetemeka kwa mtindo wake, na ugonjwa wake unaujua kwa kiganja. Kama huna uhakika, unaweka mpini wa bisibisi kwenye mfupa wa taya, ncha yake kwenye kifuniko cha beringi, penye sehemu isiyozunguka, na umevaa ovaroli. Tafadhali, ovaroli.

Nilirudi kwa daktari na Kaspari. Tuliamua kupunguza. Ilichukua miezi. Kidonge kizima kikawa nusu, tukakaa hapo. Nusu ikawa robo, nikayumba, tukarudi nusu, tukakaa tena. Sikuona aibu kurudi nyuma. Muda wote huo Kaspari alinikataza kugusa mashine mpaka aniulize maswali matatu asubuhi: leo siku gani, umelalaje, umevaa nini. Nilimchukia kwa yale maswali na nilimpenda kwa yaleyale. Tukanunua vifuniko vya masikio, viwili, vyekundu. Wateja wakatuita marubani.

Mlio ulirudi karibu, ndiyo. Kuna siku ulinikalia kifuani nikataka kuomba vidonge vyote kwa pamoja. Siku hizo nilikwenda kukaa na kuku wangu uani, au kwa Mzee Bukuru tukasikiliza redio yake inayokoroma. Na kitu kingine kilirudi pia. Siku moja kwenye mazoezi ya kwaya sauti ya pili ilitoka, imechubuka kidogo, lakini imetoka, na mwalimu wetu akaniangalia juu ya miwani akaendelea kupiga kinanda kwa nguvu zaidi.

Msimu uliofuata mpunga ulikuja mwingi kuliko nilivyowahi kuuona. Foleni ilifika barabarani, watu kutoka Mpimbwe, Kabungu, mpaka familia za Kapalamsenga kule ziwani. Katikati ya shughuli, nikiwa na vifuniko vyangu vyekundu, nikaweka kiganja kwenye mashine kama ilivyokuwa desturi yangu mpya. Kilisikia kitu kidogo kisicho cha kawaida. Nikachukua bisibisi, nikaiweka kwenye taya. Inasaga. Nikamwashiria Kaspari azime.

Wateja walinung'unika. Kaspari mwenyewe alisema yeye hasikii kitu. Tulifungua, na beringi ilikuwa imechakaa mpaka imebadilika rangi. Ingepasuka mbele ya watu wote wale. Tulikaa zaidi ya saa kuibadilisha, na nje kina mama walichoka kukaa juu ya magunia, mmoja akaanzisha wimbo wa mavuno, wengine wakaitikia, wakaanza kucheza. Niliposikia, nilivua vifuniko nikatoka nje na grisi mikononi. Nikacheza. Yule mama wa Kabungu alipiga vigelegele akasema marehemu amefufuka. Nilimwita kwa jina lake, sahihi kabisa.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mtu mwenye mlio ameze dawa au asimeze, nitawaambia nendeni kwa daktari, mkamweleze dawa inawapa nini na inawanyima nini, bila kuficha upande mmoja, na msiiache wenyewe chooni kama nilivyofanya mimi. Lakini kabla ya hayo yote zibeni masikio, leo, kabla ya gunia la kwanza. Koleta ameshanunua vifuniko. Viko kwenye msumari karibu na mlango.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kupima presha, nikakutana na yule daktari kwenye korido. Siyo binti tena, ana mvi mbili tatu. Vidonge nilishaviacha muda mrefu, na yeye ndiye aliyenipa ruhusa ya mwisho. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, nikamsimulia habari za Koleta na mashine ya umeme, nikamsimulia ndoa ya mjukuu. Tuliongea sana. Mwishoni akaniuliza, "Na ule mlio, mama, siku hizi ukoje?"

 Nikainamisha kichwa, nikafumba macho.

"Subiri kidogo daktari," nikamwambia, "ngoja niutafute."